Madirisha ya Kusini

Malvern, Johannesburg
Jumatano, 23 Julai

Mpendwa Dada Jemimah,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kusini, za mdogo wako asiyeishiwa maneno. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti la Mama limepata nafuu tangu aanze kuchuliwa na yale mafuta uliyomtafutia. Mwambie aache kujifanya msichana kwenye ngazi za kanisa. Mimi afya yangu ni njema, ila midomo imenipasuka na visigino vimekauka, maana baridi ya Johannesburg haina hata tone la mvua. Ni kavu, inauma, na mchana jua linawaka kweupe hata ukilitazama kutoka dirishani unadanganyika kwamba nje kuna joto.

Najua utashangaa kuona karatasi, sisi tuliozoea kutumiana sauti kwa simu. Nilijaribu kurekodi mara tatu, na mara tatu nikafuta. Nikikusikia unaguna tu upande wa pili ninageuza mambo niyafanye ya kuchekesha, na hili sitaki kulifanya la kuchekesha. Mama Shekinah wa kanisani kwetu anasafiri Ijumaa kuja huko Nairobi, na amekubali kuniwekea barua kwenye basi la Nanyuki. Naomba uisome peke yako kwanza. Halafu wewe mwenyewe uamue cha kumsomea Mama.

Katika ujumbe wako wa mwisho uliniuliza huyu Mileto ninayemtajataja kila siku ni nani, na kama ni mwanamume niseme mapema. Dada, si mwanamume. Ni mji, tena ulikufa zamani.

Yalianza Desemba, saa ya chakula cha mchana. Ofisi yetu iko Marshalltown, orofa ya saba, na kazi yangu unaijua: nachora mpangilio wa ndani wa maofisi, meza zikae wapi, kuta za mbao zipite wapi, mlango ufungukie upande gani. Nyumba sijengi. Siku hiyo nilishuka kutafuta mahindi ya kuchoma, nikapita kwa mzee mmoja anayeuza vitabu vikuukuu kando ya njia, amevitandaza juu ya turubai karibu na robot, maana ndivyo wanavyoziita taa za barabarani huku. Kimoja hakikuwa na jalada. Nilikifungua katikati nikakuta mchoro wa mitaa iliyonyooka, miraba kwa miraba, na kwa muda nikadhani naangalia ramani ya Marshalltown. Nikaanza hata kutafuta ofisi yetu iko mraba upi. Kumbe ni Mileto, mji wa Wagiriki uliokuwa pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki, mji ule ule ambapo Mtume Paulo aliwaaga wazee wa Efeso wakalia. Tangu utoto nimesikia mahubiri ya kilio hicho, na hakuna mhubiri hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba mitaa ya mji ilikuwa imenyooka.

Nilikinunua, na mahindi nikayasahau. Si unanijua. Nikianza kuuliza siwezi kunyamaza.

Waajemi waliubomoa mji huo kama miaka elfu mbili na mia tano iliyopita, na waliosalia waliporudi kuujenga upya hawakurudia vichochoro vya zamani. Walipiga mistari kwanza, ndipo wakaweka nyumba. Mtu wa kwao aitwaye Hipodamo ndiye anayetajwa na mtindo huo, ingawa wasomi bado wanabishana kama kweli ni yeye aliyeupanga mji wake mwenyewe. Lakini kilichoninyima usingizi si mitaa. Ni watu. Thales alitoka huko, yule anayesemekana alipima urefu wa piramidi za Misri bila kupanda, kwa kungoja tu saa ambayo kivuli cha mtu kinalingana na kimo chake. Anaksimander naye alitoka huko huko, na wanasema alichora ramani ya dunia wakati ambapo hakuna aliyewahi kufikiria kwamba dunia inachoreka, akasimamisha na kijiti cha kupimia kivuli cha jua. Nikawa najiuliza, kwa nini mji mmoja? Walikuwa wanakula nini? Mimi nadhani ni bandari. Kila siku wageni wanashuka na lugha zao na miungu yao, na ukisikia majibu kumi ya swali moja unaanza kulitilia shaka jibu la nyumbani kwenu. Huku Johannesburg hakuna bahari, lakini ukisimama kwenye foleni ya duka la kona utasikia Kizulu, Kifaransa, Kisomali na Kiswahili cha aina nne. Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba mto ulileta tope mwaka hadi mwaka mpaka ghuba ikajaa, na leo ukienda kuuona mji huo wa bandari, bahari iko kilomita kadhaa mbali.

Basi saa za chakula nikawa natembea tu, kupima miraba ya Marshalltown kwa hatua. Ni midogo sana. Hujaenda mbali umekutana na kona nyingine, na husemwa waliopima mji walifanya hivyo makusudi, kwa kuwa viwanja vya kona vilikuwa na bei. Ukifika barabara ya Commissioner unakuta mitaa ya upande mmoja haikutani sawasawa na ya upande wa pili, imeteguka kidogo. Nilisimama pale nikicheka peke yangu mpaka mlinzi wa jengo akaniuliza kama nimepotea. Nilimjibu kwamba waliopotea ni waliochora.

Sasa nije kwenye chekechea, maana huko ndiko barua inakoelekea.

Unakumbuka nilikutumia picha mwezi wa Mei, utepe mwekundu mlangoni na mimi nimevaa kofia ya Pasaka. Kanisa letu la ibada ya Kiswahili liko hapa Malvern, nyuma ya barabara ya Jules, ndani ya iliyokuwa karakana ya matairi. Sisi Wakenya wenye kazi za ofisi tunakaa mbele. Warundi na Wakongo wanakaa nyuma na ndio wanaoimba. Hakuna aliyepanga hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Mwaka jana kamati iliamua kujenga chumba cha chekechea uani, na mwenyekiti wa kamati, Mzee Njoroge, yule mkubwa wa benki, akasimama mbele ya watu akasema Mungu ametupa msanifu wetu wenyewe. Alikuwa ananielekeza mimi. Mimi si msanifu, dada, wewe unajua diploma yangu ni ya kuchora. Ningeweza kumsahihisha pale pale. Nilitabasamu.

Nilichora Januari, na ile hamu ya Mileto ikiwa imenipanda kichwani. Katika kile kitabu kuna mji mdogo jirani yake, Priene, uliojengwa kwa mtindo ule ule wa miraba, na humo nyumba nyingi vyumba vyake vikubwa vinatazama kusini, ili wakati wa baridi jua liingie mpaka ndani. Nilisisimka! Watu wa zamani hivyo, hawana umeme, na wameshatengeneza hita kwa kugeuza tu nyumba. Nikasema watoto wetu nao watapata jua la Wagiriki. Nikaweka madirisha manne makubwa kwenye ukuta wa kusini, unaotazama uani, na ukuta wa kaskazini, ambao nyuma yake kuna nafasi ya kuanikia nguo tu, nikauziba wote kwa matofali. Mhandisi aliyetusainia alitazama msingi na paa. Kamati iliupenda mchoro. Mzee Njoroge aliniambia unaonekana wa kisasa.

Aliyejenga ni Vénérand. Huyu ni fundi mwashi kutoka Burundi, mrefu, wa maneno machache, aliyefika huku kama mkimbizi miaka kumi na miwili iliyopita. Kiswahili chake ni cha Bujumbura, kina Kifaransa ndani yake, na mimi ananiita Mademoiselle, yaani binti kwa Kifaransa, hata nikimkataza. Kazi zake zote anazipata kwa kutajwa: amemjengea huyu ukuta, huyu akamwambia yule. Hana kampuni wala bango, na karatasi zake za ukimbizi hazimsaidii popote zaidi ya kwenye foleni. Ana jina lake tu. Mkewe Epiphanie ndiye mpishi wa chekechea, na binti yao Fiona, wa miaka minne, anasoma pale pale. Fiona anaelewa Kiswahili chote unachomwambia, ila anakujibu kwa Kizulu au Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa huku.

Chumba kilifunguliwa Mei, kila mtu akakisifu. Juni ilipoingia, kikawa jokofu. Sikutanii. Watoto walikuwa wanapaka rangi wakiwa na makoti na kofia. Hita mbili za gesi ziliwekwa na bado mwalimu alifundisha akiwa na blanketi kiunoni. Siku moja niliinama kumsalimia Fiona, akanishika shavu kwa kiganja chake, kilikuwa baridi kama bati, akaniambia tu kuyabanda, auntie, yaani kuna baridi. Wakaanza kukohoa, mmoja baada ya mwingine.

Ndipo maneno yakaanza. Kwanza ilisemwa tofali ni nyembamba. Halafu saruji ilikuwa haba. Halafu mtu mmoja, simjui nani, akasema aliona mifuko ya saruji ikipakiwa kwenye gari jioni. Mwisho wa mwezi ilikuwa imeshakuwa habari kamili: Vénérand aliiba saruji ya kanisa, akajenga ukuta wa hovyo, na sasa watoto wanaugua. Jumapili ya tarehe sita Julai kamati ilikaa baada ya ibada, wakamweka kwenye kiti katikati. Yeye alisema ukuta hauna kosa. Waliamua kuchunguza kwa wiki mbili, na kwamba Jumapili ya tarehe ishirini watatoa uamuzi. Ikionekana ana kosa, ataondolewa kwenye ujenzi wa ukumbi unaofuata, na jambo hilo litatangazwa mbele ya kanisa zima. Kwa mtu anayeishi kwa kutajwa, dada, unaelewa hiyo ni hukumu gani. Hata kabla ya uamuzi, Daktari Mwaniki wa chuo kikuu, aliyekuwa amempa kazi ya kujenga nyumba ya nyuma kwake Kensington, alimwambia asubiri kwanza.

Mimi nilikuwa mjumbe kwenye mkutano huo. Sasa nikueleze nilichokuwa nakijua.

Wiki moja kabla, Jumamosi ya tarehe ishirini na nane Juni, nilikwenda pale peke yangu kuchunguza. Swali lilikuwa linanitafuna: kwa nini chumba chenye madirisha manne makubwa hakipati jua? Nilipofika hapakuwa na mtu darasani. Sauti zilikuwa nyuma ya jengo. Nikazunguka nikawakuta watoto wa kwaya ya Jumamosi, na Epiphanie, na mama wengine wawili, wote wamekaa chini wameegemea ule ukuta wa kaskazini nilioziba, wanachambua maharage. Wamevua masweta. Nikaweka mkono kwenye matofali, nikaona yana joto kama ubavu wa ng'ombe.

Nilichukua mti wa ufagio nikausimamisha uani, nikaukaza kwa mawe. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Nikawa naweka kokoto pale kivuli kinapoishia, kila baada ya dakika kumi, watoto wamenizunguka wanauliza huo ni mchezo gani, nami nawaeleza habari za Thales na piramidi, nimefurahi kweli. Kivuli kilikuwa kirefu, sawa na kimo cha ufagio na zaidi kidogo, na kilikuwa kinaelekea kusini. Kikanyooka kuelekea kusini mpaka mwisho. Na jua likiwa nyuma yangu, chini chini, upande wa kaskazini.

Naomba usicheke, mwalimu wa jiografia. Najua ulishajua tangu nilipotaja Priene. Wagiriki wako juu ya ikweta, kwao jua la baridi hupita kusini. Johannesburg iko chini, na jua lake la baridi hupita kaskazini. Madirisha yangu yote manne hayaoni jua tangu Mei mpaka Agosti. Sisi tumezaliwa Nanyuki, juu ya mstari wenyewe, tumewaona watalii wakipiga picha na lile bango maisha yetu yote. Kwetu jua liko utosini, mara huku kidogo, mara kule kidogo, na hakuna mtu anayegeuza nyumba kwa ajili yake. Unahangaikia mvua inapigia wapi basi. Januari nilipokuwa nachora, hapa pia jua lilikuwa karibu na utosi. Msimu wangu wa kwanza wa baridi niliupitishia kwenye orofa ya saba, chini ya taa. Sikuwahi kuuliza. Mimi ninayeuliza kila kitu, nilichukua jibu la mji uliokufa nikalijenga upande usio wake.

Kama yangekuwa hayo peke yake nisingekuandikia kwenye karatasi. Kosa la namna hiyo mtu anaweza kulikiri kwa kicheko, ukuta ukatobolewa, sharp, kama wasemavyo huku mambo yakiwa sawa, yakaisha. Sasa kaa vizuri.

Vénérand aliniambia. Februari, msingi ukiwa bado mbichi, alinifuata kwenye lango la kanisa akiwa na mchoro wangu umekunjwa mara nne. Aliniuliza kwa adabu kama madirisha hayakugeuzwa kwa bahati mbaya, maana huku mafundi wote huyaweka kaskazini kwa sababu ya Juni. Kulikuwa na watu, Dada. Mzee Njoroge alikuwa amesimama karibu, anazungumza na mtu. Niliona kama fundi ananifundisha kazi mbele za watu, na mimi nimeshakuwa msanifu. Nilimjibu kwamba mpangilio huo una historia ya miaka zaidi ya elfu mbili, na kwamba yeye ashughulikie tofali. Akasema sawa, Mademoiselle. Wiki hiyo hiyo nikauona ule mchoro kwenye kibanda cha mafundi, ameandika kwa penseli kando ya ukuta wa kaskazini: dirisha upande huu, baridi ya Juni. Niliuchukua nikaenda kuchapa mwingine msafi. Wenye maandishi yake niliuchana.

Na siku ile ya mkutano wa tarehe sita nilikaa kimya, nikiwa tayari na wiki nzima ya kujua. Nilijiambia nitasema mwisho wa kikao. Kikao kikaisha. Kesho yake Mzee Njoroge alinipigia simu ofisini. Aliniuliza, kwa sauti nzuri tu, kama kuna wakati wowote fundi alinionya kuhusu madirisha, maana yeye anadai hivyo. Nilisikia sauti yangu ikijibu kwamba hapana, sikumbuki kitu kama hicho. Aliniambia asante, alijua hivyo.

Ndiyo hiyo, Jemimah. Nimesema uongo, na si kwa kubanwa. Niliulizwa kwa upole nikadanganya kwa upole. Niliona haya ya kukosea mbele ya watu wa viti vya mbele, basi nikamwacha mtu wa viti vya nyuma abebe. Kwa wiki mbili sikuweza hata kukifungua kile kitabu.

Je, nimeshakuambia ni nini hatimaye kilinifanya niseme ukweli? Hapana, bado. Ni Epiphanie. Alhamisi iliyopita nilipita pale asubuhi, nikakuta Fiona hayupo. Mama yake alinieleza kwamba amelazwa siku mbili kwa kifua, ametoka, yuko nyumbani. Alinikaribisha nyuma ya jengo penye joto, akanipa uji kwenye kikombe cha bati, akaendelea kukoroga sufuria. Halafu, bila kuinua sauti, akanieleza kwamba mumewe alikuwa ameupiga picha ule mchoro kwa simu yake, wenye penseli, kabla haujapotea. Alikuwa amempelekea Mzee Njoroge usiku wa mkutano. Mzee alimjibu kwamba mtu yeyote anaweza kuandika kwa penseli, na kwamba atamuuliza Dada Kathambi, ndiye mimi. Kesho yake akamwambia amekwisha kumuuliza. Epiphanie akanisogezea sukari, akaniuliza kama uji umepoa.

Yaani walijua wote wawili, siku zote hizo, na kila asubuhi mama huyo ananisalimia. Nilikunywa uji ule mpaka chini kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Jumapili nilisimama kabla kamati haijasoma uamuzi. Nilisema yote, kwa Kiswahili cha polepole ili wa nyuma nao wasikie: jua, madirisha, lango, penseli, simu ya Mzee Njoroge. Nikasema mimi si msanifu. Kisha Mzee Njoroge akashukuru kwa ujasiri wangu, mchungaji akaniombea, watu wakanikumbatia, mama mmoja akasema kweli huyu binti amelelewa. Tukanywa chai. Nilitazama kila mlango. Vénérand hakuwepo, aliacha kuja tangu ule mkutano, na katika watu wote waliokuwa wananipa pole mimi, hakuna aliyeuliza nani atakwenda kumpa pole yeye.

Nilikwenda mimi, Jumatatu jioni nilipotoka kazini. Wanakaa chumba kimoja, nyuma ya duka la betri hapa hapa Malvern. Alinipa kiti, yeye akakaa kitandani. Fiona alikuwa amelala amefunikwa mpaka masikio. Niliomba msamaha. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akasema amesikia, Epiphanie alimweleza ya kanisani. Nilimuuliza, maana sikuweza kujizuia, kwa nini hakuionyesha ile picha kwa watu wote, siku ile ile, kwenye kikao. Alisema aliionyesha kwa aliyekuwa na uwezo. Alisema picha ya mkimbizi ni picha ya mkimbizi, na kwamba kulikuwa na mdomo mmoja tu katika kanisa lile ambao ungeaminika, na ulikuwa wangu.

Kisha aliniomba nimpigie Daktari Mwaniki, pale pale, mbele yake. Nilipiga, nikaifungulia simu sauti ili wasikie. Nilimwambia kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba Vénérand alinionya na nikadanganya. Daktari alisikitika sana. Alisema ni fundi mzuri, hakuwahi kuwa na shaka naye mwenyewe, ila alishampa mtu mwingine kazi Ijumaa na tofali zimeshaanza kupangwa. Alisema atamkumbuka siku nyingine. Eish, Dada, sikujua niitazame simu au nimtazame nani. Vénérand aliniambia asante kwa kupiga, akanisindikiza mpaka langoni kama anavyosindikizwa mgeni, akaniuliza kama najua njia.

Tukiwa langoni alinieleza kwamba ukuta wa kaskazini atautoboa yeye mwenyewe, Jumamosi hii, wala hataki kitu cha kanisa, kwa kuwa mwanawe anakaa ndani ya chumba kile. Ameshapima madirisha manne. Nilimwambia nitakuja mapema, nishike futi, nibebe maji, chochote. Aliniomba kwa upole, kwa kuniita Mademoiselle, nisiwepo.

Nimeandika mengi na mkono umechoka. Msalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Wasalimie watoto na shemeji, na darasa lako la jiografia ambalo lingenicheka mpaka kengele. Utakapojibu, niandikie kama unavyoona, usinipunguzie.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kathambi